Baba Anacheza Gemu. Je, Anaumwa?

Haya ni maneno ya muuguzi mmoja aliyealikwa kuzungumza na klabu ya afya ya shule ya sekondari. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, ili nawe ambaye hukuwepo uyapate.

Kaeni basi, na wale wa nyuma sogeeni mbele, sina kipaza sauti.

Mnajua utaratibu wetu. Lile sanduku la maswali linakaa pale mlangoni mwezi mzima. Unaandika swali lako, huandiki jina, unatumbukiza, unakwenda zako. Jana nimelifungua nikakuta karatasi 17. Nyingi ni zile zile za kila mwezi: chunusi, maumivu ya tumbo siku za hedhi, "nifanyeje nisisinzie darasani". Nitazijibu zote, msiwe na wasiwasi. Lakini karatasi moja imenikaa kichwani, na leo nataka tuizungumzie hiyo tu. Imekunjwa mara nne, mwandiko mdogo mdogo. Inasema hivi:

"Baba yangu ana miaka 43. Kila siku akitoka kazini anakaa na simu anacheza gemu mpaka tunalala. Mama anasema ni utoto. Mimi naona aibu wenzangu wakija nyumbani. Je, ni ugonjwa? Na kama ni ugonjwa, na mimi nitaurithi?"

Naona wengine mnacheka. Mimi sikucheka. Kwanza, mtoto anayeuliza kama baba yake anaumwa hafanyi mzaha. Pili, na hii naomba ibaki kati yetu, mimi mwenyewe nina miaka 46 na nacheza gemu. Jumamosi iliyopita nimefungwa mabao matano kwa moja na kijana wa jirani yangu, yuko kidato cha pili.

Haya, sasa chekeni.

UTOTO WENYE MVI

Tuanze na neno la mama: utoto. Mama nampa heshima yake, lakini hapo naomba tujadiliane kidogo.

Pita jioni kwenye baraza za Zanzibar, Tanga au Lamu. Utawakuta wazee wamelizunguka bao. Bao lile lina mashimo 32 na kete 64. Mzee anachota komwe, anasambaza, anakula, anasambaza tena, na kichwani ameshapiga hesabu ya mizunguko inayokuja. Pembeni wamesimama watu kumi, kila mmoja na ushauri wake. Mzee ana miaka 70. Umewahi kumsikia mtu akimwambia, "Babu, acha utoto"? Thubutu! Anaitwa fundi, na watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kupimana naye.

Nenda kituo cha teksi. Madereva wanasubiri abiria, katikati yao kuna ubao wa drafti, na vizibo vya soda ndiyo kete. Nenda kwenye dhumna. Watu wazima, wenye wake na watoto, wanaigonga meza utadhani wanagombana.

Kwa hiyo watu wazima hawakuanza kucheza leo. Kilichobadilika ni kifaa. Tena hicho kifaa chenyewe ni kikongwe kuliko mnavyofikiri. Gemu ya Pong, ile ya kurushiana kimpira kwenye skrini, ilitoka Marekani mwaka 1972. Pac-Man ilitoka Japani mwaka 1980. Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyoshuka, ilitengenezwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Huyo hakuwa mtoto. Alikuwa mtaalamu wa kompyuta katika Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti, na miongoni mwa wa kwanza kunogewa walikuwa wafanyakazi wenzake. Watu wazima, kazini!

Kisha mwaka 1997 Nokia wakamweka nyoka ndani ya simu. Mnamjua? Anakula, anarefuka, akijigonga amekufa. Muulize mama yako vizuri, taratibu, kama hajawahi kumlisha yule nyoka. Mwangalie anavyotabasamu.

Sasa piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1985, Super Mario Bros. ilipotoka, leo amevuka 50. Yeye amekua, na gemu zimekua pamoja naye. Ndiyo maana takwimu zilizotolewa mwaka 2024 na chama cha kampuni za gemu za Marekani zilionyesha kwamba wastani wa umri wa mchezaji kule ni miaka 36. Thelathini na sita! Huo ni umri wa walimu wenu, si wa wadogo zenu.

Basi jibu langu la kwanza kwako wewe uliyeandika ni hili: baba yako si kituko. Ukimwona anacheza, usione aibu kwa hilo tu. Wenzako wakija, waambie, "Dingi yuko mechini." Yaishe.

ANATAFUTA NINI MLE NDANI?

Mwaka 2006 watafiti watatu, Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski, walichapisha utafiti kuhusu kinachowavuta watu kwenye gemu. Hawakusema ni uvivu. Walionyesha kwamba gemu inavuta pale inapomshibisha mtu mahitaji matatu ambayo kila binadamu anayo, awe na miaka 14 au 64.

La kwanza ni kujiona unaweza. Hebu fikiria siku ya mtu mzima. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, anagombania daladala, anafanya kazi ambayo hata akiimaliza leo, kesho iko pale pale. Amelipa ada, bado kodi ya nyumba. Amelipa kodi, bado umeme. Ni lini mara ya mwisho mtu alimwambia, "Hongera, hatua hii umeimaliza"? Gemu inamwambia. Tena papo hapo, kwa taa na muziki.

La pili ni kuamua mwenyewe. Nyie mnadhani mtu mzima anajiamulia kila kitu. Wapi! Bosi anampangia, mwenye nyumba anampangia, ukoo unampangia mchango wa harusi ya mtu ambaye hajawahi kumwona. Kwenye gemu yeye ndiye kocha. Leo nacheza na washambuliaji watatu. Nani atanikataza?

La tatu ni kuwa na wenzako. Wewe rafiki zako unao hapa hapa, mnakaa dawati moja. Rafiki za baba yako mmoja yuko Mbeya, mwingine Mwanza, mwingine hajui hata yuko wapi. Wakikutana kwenye gemu usiku, wanataniana kama zamani. Kile kicheko unachokisikia sebuleni ni kicheko cha kidato cha tatu.

Juu ya hayo kuna kupumzisha kichwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwemo Emily Holmes, waliwaonyesha watu filamu yenye matukio ya kutisha. Baada ya nusu saa baadhi yao wakacheza Tetris kwa dakika 10, wengine wakakaa tu. Katika wiki iliyofuata, wale waliocheza walijiwa na picha za ile filamu mara chache zaidi. Sisemi gemu ni dawa, msije mkaniponza kwa wazazi wenu. Nasema gemu inashika akili hasa, na mtu mwenye mawazo mengi anapata nafuu akili yake ikishikwa na kitu kingine kwa muda.

Sasa jiulize: hayo yote wewe huyahitaji? Kujiona unaweza, kuamua mwenyewe, kuwa na wenzako, kupumzika. Mtu mzima anafurahia gemu kwa sababu zile zile zako. Umri unaongeza mvi tu, mahitaji ni yale yale.

Lakini ngoja! Hapo hapo kwenye dawa ndipo penye sumu. Nitawasimulia jambo ambalo si la kujivunia.

MWAKA WANGU MBAYA

Nilikuwa na miaka 32. Nilikuwa nimehamishiwa kituo cha afya cha mbali, pwani. Mke wangu na binti yetu walibaki mjini kwa ajili ya shule. Nilikuwa peke yangu katika chumba kimoja, jioni ndefu. Nikanunua mashine ya gemu ya mtumba na televisheni ndogo. Mwanzoni mechi moja, nikapata usingizi. Baadaye tatu. Baadaye nikaacha kuhesabu.

Binti yangu alikuwa darasa la pili. Kila siku saa mbili usiku alikuwa ananipigia kwa simu ya mama yake, tuongee kabla hajalala. Siku moja simu ikaita naongoza mabao mawili kwa moja, mechi inakaribia kwisha. Nikapokea, nikamwambia, "Ngoja kidogo mama, nakupigia sasa hivi." Nikaiweka simu chini.

Nilipokumbuka ilikuwa saa nane usiku.

Asubuhi mama yake akaniambia kwamba mtoto alikataa kwenda kitandani. Alikaa kwenye kiti, simu mkononi, mpaka usingizi ukamchukua. Aliambiwa "sasa hivi", akaamini.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ile ile nilijirekebisha. Sivyo. Niliona vibaya siku mbili, halafu nikacheza zaidi ili nisiikumbuke. Hapo ndipo mnielewe vizuri. Nilikuwa nacheza ili nisahau ubaya ulioletwa na kucheza.

Kazini nikawa naingia macho mekundu. Siku moja muuguzi mkuu wetu, mama mtu mzima, akanishika mkono nikiwa naandaa sindano. "Soma tena hapo," akasema. Nikasoma. Nilikuwa nimevuta dawa mara mbili ya kipimo kilichoandikwa kwenye faili. Mgonjwa hakupewa, namshukuru Mungu na namshukuru yule mama. Hakunipigia kelele. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, unakimbia nini?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa upweke, lakini mwanaume wa miaka 32 utamwambiaje mtu kwamba unalia usiku kwa sababu chumba kimya?

Jioni ile alinipeleka nyumbani kwake nikale. Mume wake alikuwa mcheza bao. Nikakaa pale barazani nikiangalia. Mzee alikuwa anashinda, wazi kabisa, komwe zimejaa upande wake. Mara adhana ya magharibi ikalia. Mzee akazikusanya komwe zote, akazitia kwenye mfuko wa kitambaa. Nikamwambia, "Mzee, si ulikuwa unashinda?" Akanijibu, "Zitakuwepo kesho."

Vijana, nimesoma vitabu vya afya ya akili, nimehudhuria semina. Sijapata somo zuri kuliko lile.

MCHEZO WENYE MWISHO

Angalia tofauti. Bao linaisha adhana ikilia, au jua likizama. Drafti ya kituo cha teksi inaisha abiria akija. Mpira uwanjani unaisha kwa filimbi. Michezo ile ilizaliwa ndani ya maisha ya watu, na maisha yenyewe yalikuwa yanapiga filimbi.

Gemu nyingi za simu za siku hizi hazina filimbi. Ukimaliza hatua ya 200, kuna ya 201. Ukiacha siku moja, simu inalia: "Zawadi yako ya leo inakusubiri!" Hii si bahati mbaya. Kampuni inapata pesa kwa matangazo unayoyaona na vitu unavyonunua ndani ya gemu. Kadiri unavyokaa, ndivyo inavyokula.

Na kichwani je, kuna nini? Mwaka 1998 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wanaume wanane waliopigwa picha za ubongo wakicheza gemu ya kuendesha kifaru. Ilionekana kwamba wakicheza, ubongo unaachia kemikali inayoitwa dopamini. Kemikali hii inahusika na hamu, ile ya "kidogo tu, karibu nashinda". Si kemikali ya ulevi. Inafanya kazi hata unaposikia harufu ya pilau. Lakini pale zawadi inapokuja bila kujua itakuja lini, mara unapata, mara hupati, hamu inakuwa kali zaidi. Wenye kamari wanaijua siri hiyo siku nyingi.

Gemu isiyo na filimbi, basi, inahitaji mchezaji mwenye filimbi yake. Hata ile ya mpira, mechi moja ina mwisho, lakini mimi mchezaji sikuwa na mwisho. Kosa langu halikuwa kucheza. Nilikuwa sina adhana.

NI UGONJWA LINI?

Sasa turudi kwenye karatasi. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipitisha mwaka 2019 orodha mpya ya magonjwa, ikaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Ndani yake umo ugonjwa wa kucheza gemu. Lakini msikimbilie kumpachika kila mtu. Wanaangalia mambo matatu, na kwa kawaida yawe yameonekana kwa miezi 12 hivi, tena yawe yameharibu maisha kweli: familia, masomo, kazi.

Moja: ameshindwa kujizuia. Anasema nusu saa, zinapita saa nne. Anaahidi kuacha, anashindwa.

Mbili: gemu imepanda juu ya vyote. Chakula, usingizi, watu, ibada, kazi, vyote vinasubiri.

Tatu: madhara ameyaona, na bado anaendelea au anaongeza.

Mtu anayecheza kila jioni na kazi yake inakwenda, anakula na watoto, analala, akiitwa anaitika, huyo haumwi. Ana burudani yake. Hata mkewe akinuna.

Na baba yako? Mimi muuguzi, siwezi kumpima mtu kwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Umeandika kwamba anakwenda kazini na anarudi nyumbani. Hiyo ni dalili njema. Lakini yapo maneno yako mawili niliyoyasoma mara nyingi: "mpaka tunalala". Hukuandika mpaka saa ngapi. Umeandika mpaka tunalala. Nikajiuliza: labda huyu mtoto hataki kujua kama baba ni mgonjwa. Labda anataka kusema, "Baba hatuongei."

Kama ndivyo, basi hilo halihitaji jina la ugonjwa ili liwe na uzito. Mwanangu hakuhitaji cheti cha daktari kujua kwamba hakupigiwa simu.

Umeuliza pia kama utaurithi. Hakuna mtu anayezaliwa na gemu damuni. Kinachopita kwa urahisi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana hapa ni mazoea. Ukiona kila siku kwamba mtu akichoka anajifungia na simu, nawe utajifunza hivyo. Ukiona kwamba mtu akichoka anacheza, kisha anaiweka chini na kuuliza "habari za shule?", utajifunza hivyo pia.

NA WEWE, JE?

Msidhani leo ni siku ya kuwasema wazazi. Zamu yenu.

Mambo mawili yanakutofautisha na baba yako. La kwanza ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Wewe wa miaka 13 mpaka 18 unahitaji saa nane mpaka kumi, kwa sababu mwili na ubongo wako bado vinajengwa. Ukicheza mpaka saa saba usiku na kengele ya shule inakungoja, unajiibia mwenyewe. Yule aliyeuliza "nifanyeje nisisinzie darasani", swali lako nimelijibu hapo. Simu ilale sebuleni, wewe ulale chumbani.

La pili ni pesa. Gemu ikianza kukuomba hela ili upate sanduku ambalo hujui ndani lina nini, shtuka. Ubelgiji mwaka 2018 mamlaka ya kamari ilitamka kwamba masanduku ya aina hiyo katika baadhi ya gemu yanahesabiwa kuwa kamari. Na kamari yenyewe, za mechi au za mashine za kutumbukiza sarafu, kwa Tanzania ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 18. Kubeti si gemu. Kwenye gemu ukifungwa unacheza tena. Kwenye kubeti ukifungwa, nauli imekwenda.

Jipime, kimya kimya, usimwonyeshe jirani yako:

Je, nikisema "ya mwisho hii", huwa kweli ni ya mwisho?

Je, nimewahi kudanganya muda niliocheza?

Je, gemu ikizimwa nabaki na kitu kingine ninachokipenda?

Je, nacheza kwa sababu nafurahi, au kwa sababu kuna kitu sitaki kukifikiria?

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Ukijibu "kuna kitu", basi tafuta wa kumwambia hicho kitu. Ugomvi wa nyumbani, kufiwa, kufeli, kuonewa na wenzako, hayo hayaishi kwa kufunga mabao.

UKITAKA KUMWAMBIA BABA

Najua huwezi kumwendea baba na kumwambia, "Baba, WHO wamesema." Utachapwa swali ambalo huna jibu lake. Fanya hivi.

Usimwendee katikati ya mechi. Usimsemee mbele ya wageni. Usiwe mjumbe wa mama, wala usibebe maneno ya mama kwenda kwa baba. Na usianze na "Baba, wewe kila siku..."

Subiri jioni ametulia. Msalimie vizuri, kaa karibu. Mwambie, "Baba, hiyo inachezwaje? Nifundishe." Nakuhakikishia, atashangaa. Atakueleza mambo mengi kuliko aliyokueleza mwaka mzima. Labda atasema, "Ngoja mwanangu, hapa nakufa." Ngoja, afe, afufuke. Kisha mwambie, kwa upole: "Baba, mechi hii ikiisha, naomba dakika kumi tuongee." Usiseme zaidi ya hapo. Umempa filimbi. Wengi wetu tunasubiri tu mtu tunayempenda atupigie.

Inawezekana asiitikie siku ya kwanza. Mimi mwenyewe, nimewaambia, sikuitikia mara ya kwanza. Jaribu tena wiki ijayo. Ikiwa hali ni mbaya kweli, kazi inapotea, pesa ya chakula inakwenda, nyumbani kuna matusi au kupigana, hapo mzigo si wako tena. Mwone shangazi, mjomba, babu, au mwalimu wa ushauri hapa shuleni. Ukishindwa wote hao, namba 116 ni ya kusaidia watoto, unapiga bure. Kumponya mzazi si kazi ya mtoto. Kazi yako ni kusema unachokiona na kuendelea kuwa mtoto.

NAMALIZIA

Mtaniuliza, na wewe uliponaje? Sikuacha gemu. Niliweka adhana yangu. Mashine nilimpa yule muuguzi mkuu akae nayo, nikawa naichukua Jumamosi na kuirudisha Jumapili. Saa mbili kasoro robo, kila siku, nilikuwa nimekaa kwenye kiti, simu mkononi. Ndiyo, kwenye kiti. Nilitaka nijue kusubiri kunafananaje.

Binti yangu sasa yuko chuo. Ile siku ya simu anaikumbuka, hajaisahau, na sijamwomba aisahau. Akija likizo tunacheza, na ananifunga vibaya kuliko yule kijana wa jirani. Saa mbili ikifika anaweka kifaa chini na kuniambia, "Zitakuwepo kesho, baba." Ananikejeli, lakini anaweka chini kweli.

Kwako wewe uliyeandika. Sikujui, na sitakutafuta. Karatasi yako nimeikunja tena mara nne kama ulivyoikunja, iko hapa mfukoni. Alhamisi mchana nitakuwa pale chini ya mwembe. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kuja na baba, njoo naye. Mwambie kuna muuguzi anatafuta mtu wa rika lake wa kumfunga, maana vijana wamemwonea vya kutosha.



MJADILIANE KATIKA KLABU YENU

1. Ni michezo gani watu wazima wa mtaani kwenu wanaicheza? Inaisha vipi?

2. Kuna tofauti gani kati ya kucheza ili kupumzika na kucheza ili kukimbia jambo?

3. Nyumbani kwenu, "filimbi" inaweza kuwa nini: chakula cha usiku, sala, taarifa ya habari? Nani aipulize?